UZI: 12 Januari, Siku ya Vijana ya India, na Swami Vivekananda aliyekaa mtaani na digrii yake

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Ikifika 12 Januari macho yetu huku yote yanaelekea Zanzibar kwenye Mapinduzi, na ndivyo inavyopasa. Siku hiyohiyo India nzima inaadhimisha Siku ya Vijana ya Taifa kwa heshima ya Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyezaliwa Calcutta (Kolkata ya leo) tarehe 12 Januari 1863. Huku kwetu wengi wanamjua kwa picha moja tu: kilemba kichwani, mikono imekunjwa kifuani, na chini yake maneno ya kuamsha watu yanayozungushwa kwenye magrupu. Kijana mwenyewe amepotea nyuma ya picha hiyo. Mimi naamini kijana huyo ndiye anayetuhusu, na ndiye anayepaswa kuwa katikati ya siku hiyo kuliko hotuba zote zinazosomwa kwa jina lake.

Tuanze na siku yenyewe. Serikali ya India ilitangaza mwaka 1984, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika 12 Januari 1985. Mwaka huo wa 1985 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutenga kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vijana. India wangeweza kuchagua tarehe ya tukio, kama Afrika Kusini walivyokuja kuichukua 16 Juni kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto wa 1976. Wao wakachagua mtu. Wakamchukua mtawa aliyefariki 4 Julai 1902 akiwa na miaka 39, asiyewahi kushika cheo cha serikali wala kugombea chochote.

Tangu 1995 kuna Tamasha la Taifa la Vijana linalofanyika karibu na siku hiyo, na kwa miaka mingi lilihama jimbo hadi jimbo. Mwaka 2023 lilikuwa Hubballi-Dharwad kule Karnataka, 2024 likaenda Nashik, Maharashtra. Mwaka 2025 likahamia New Delhi na kubadilishwa sura, likawa la vijana kuwasilisha mawazo yao mbele ya waziri mkuu. Mashuleni ni maandamano, mashindano ya hotuba na insha, yoga, nyimbo. Pale Belur Math, makao makuu ya watawa wake kando ya mto Hooghly, wanaadhimisha mara mbili: 12 Januari na vijana, halafu siku nyingine kwa ibada, kwa sababu wao wanahesabu kuzaliwa kwake kwa kalenda ya mwezi na tarehe inahama kila mwaka. Wenzetu mnaofuata mwandamo wa mwezi hamtashangaa.

Hiyo ndiyo sherehe. Sasa huyo kijana.

Jina la nyumbani lilikuwa Narendranath Datta. Baba yake, Vishwanath, alikuwa wakili katika Mahakama Kuu ya Calcutta, mtu wa mkono wazi, nyumba yake haikosi wageni, na matumizi yake yalipita kipato. Mama yake ni Bhuvaneshwari Devi. Kijana alikuwa mwimbaji mzuri, mtu wa mazoezi na mieleka, na msomaji wa kutisha. Alipita Presidency College, kisha akaenda chuo cha wamisionari wa Kiskoti ambacho leo kinaitwa Scottish Church College. Alisoma falsafa ya Ulaya akaanza kutilia shaka kila alichofundishwa nyumbani. Alikuwa na tabia ya kuwauliza wakubwa wa dini swali moja la uso kwa uso: wewe Mungu umemwona? Wengi walizunguka. Ramakrishna, kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali kule Dakshineswar, mtu ambaye shule hakuijua sana, ndiye aliyemjibu kwamba ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe hapa. Kijana hakukubali hapohapo. Aliendelea kwenda na kubishana naye kwa miaka.

Mwaka 1884, mwaka wa kupata digrii yake, ndipo mambo yalipoharibika. Nitaendelea hapa chini, nipeni nafasi.

Mtu wa Bara

Nimekaa mkao wa kula, mkuu. Shusha.

Mleta uzi

Tuendelee.

Februari 1884 baba akafariki ghafla. Msiba haujapoa, wadai wakajitokeza, na ikabainika nyumba ile ya watu wenye uwezo ilikuwa imesimama juu ya madeni. Ndugu wa ukoo nao wakafungua kesi ya kutaka nyumba. Mnaojua kesi za mirathi mnaelewa: ilimfuata karibu maisha yake yote. Narendra alikuwa na miaka 21, ndiye mtoto wa kiume mkubwa, nyuma yake mama na wadogo zake.

Akaingia mtaani kutafuta kazi. Baadaye aliwasimulia wenzake kipindi hicho, na simulizi hiyo naomba muisome polepole. Alikuwa anatembea kutoka ofisi hadi ofisi, miguu mitupu, jua la Calcutta la mchana, barua ya maombi mkononi, na kila mlango ukifungwa. Asubuhi alichungulia kimyakimya kuona kama kuna chakula cha kuwatosha wote nyumbani. Kikiwa hakitoshi, alimwambia mama yake kwamba amealikwa kula kwa rafiki, akatoka. Siku hiyo inapita na kidogo sana tumboni, au bila kitu. Marafiki wenye hela waliendelea kumwalika aende kuwaimbia jioni, wasijue kwamba anayewaimbia ana njaa.

Wangapi humu wameshawahi kusema "nimekula kwa rafiki"? Huyo ndiye mtu aliyetengewa siku ya vijana na taifa la watu zaidi ya bilioni moja.

Alipata vibarua: ofisi ya wakili, kutafsiri vitabu, kufundisha kwa muda mfupi. Hakuna kilichodumu. Mwisho akamwendea Ramakrishna amwombee familia yake. Mzee akamjibu: nenda mwenyewe hekaluni, kamwombe Mama Kali, atakupa. Kijana akaingia. Alipotoka mzee akamuuliza, umeomba hela? Amesahau, ameomba hekima na ibada. Akarudishwa mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu akaona aibu kutaja fedha mbele ya Mungu. Ndipo mzee akamwahidi kwamba familia yake haitakosa chakula cha kawaida na nguo.

Watu wa dini wanaisimulia habari hiyo kama muujiza wa moyo uliokataa mali. Mimi naisoma pamoja na jambo lililofuata miaka kadhaa baadaye. Alipokuwa mtawa tayari, Ajit Singh, mtawala wa Khetri kule Rajasthan, alianza kutuma rupia 100 kila mwezi kwa mama yake Calcutta. Na mwaka 1898, akiwa mtu maarufu duniani, bado aliandika barua kumwomba Ajit Singh kwamba posho ile ya mama iwe ya kudumu. Kwa hiyo yule aliyeshindwa kuomba fedha hekaluni aliomba fedha kwa ajili ya mama yake bila kuficha. Hakuwahi kuihesabu njaa kuwa jambo dogo la kidunia. Hilo likawa msingi wa kila alichokuja kusema.

Dada wa Ukweli

Asante kwa uzi, kaka. Ila nikuulize. Mtu akikosa kazi akakimbilia utawa, tunamsifia? Mama na wadogo zake amewaachia nani? Huku kwetu kaka mkubwa akifanya hivyo tunamwita aliyekimbia majukumu.

Mleta uzi

Dada, swali lako ni la haki na yeye mwenyewe lilimtesa. Ramakrishna alifariki 16 Agosti 1886 kwa saratani ya koo, na vijana wachache waliokuwa wakimuuguza wakahamia nyumba chakavu kule Baranagar, wakaishi kwa kuomba chakula. Narendra alikuwa anakwenda na kurudi kati ya nyumba hiyo na mahakamani kwa kesi ya familia. Hata mwishoni mwa maisha yake aliandika kuhusu mama yake kwa uchungu wa mtoto anayejiona ana deni. Sikuletei kama mtu aliyetatua kila kitu. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo aliubeba, hakuutupa.

Na utawa wenyewe haukuwa wa raha. Kuanzia 1888 alizunguka India akiwa na fimbo, chombo cha maji na vitabu viwili vitatu, mara kwa miguu, mara kwa treni pale mtu alipomkatia tiketi. Alilala kwa wafalme na kwa watu wa tabaka la chini kabisa. Desemba 1892 akafika Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India, akakaa kwenye mwamba ulioko baharini kwa siku tatu akitafakari. Leo pana jengo la kumbukumbu lililofunguliwa 1970, na watu wanavuka kwa boti. Kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, alichokuwa anakiwaza pale ni hiki: watawa maelfu wanazunguka wakifundisha falsafa kwa watu ambao tumbo liko tupu, na huo ni wazimu.

Kijana wa Mtaa

Mkuu umenigusa pabaya. Nina digrii yangu tangu 2021, bahasha ya kaki imechakaa pembe zote. Sasa nauli ya Marekani huyu jamaa aliipata wapi? Maana huku hata nauli ya kwenda kwenye usaili ni mtihani.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Na swali lako ndilo linanipeleka kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo kwenye mabango ya 12 Januari siioni.

Nauli ilichangishwa na vijana. Kule Madras, ambayo leo ni Chennai, alikuwepo mwalimu wa shule anaitwa Alasinga Perumal, mdogo kwa Narendra kwa kama miaka miwili. Huyo na wenzake walisikia kwamba Chicago, Septemba 1893, patakuwa na Bunge la Dini za Dunia, wakaona kwamba mtu wa kwenda ni huyu mtawa anayezunguka. Alasinga aliongoza uchangishaji akipita nyumba kwa nyumba. Alitaka wachange watu wa kawaida, kwa sababu huyo mtawa alikuwa anakwenda kuwasemea wao. Ajit Singh wa Khetri naye akaongeza, akamkatia tiketi ya daraja la kwanza, na ndiye anayetajwa kumshauri achukue jina la Vivekananda.

Akapanda meli Bombay tarehe 31 Mei 1893. Colombo, Penang, Singapore, Hong Kong, Japani, kisha Vancouver, na treni hadi Chicago mwishoni mwa Julai. Kufika ndipo matatizo yakaanza. Mkutano ni Septemba. Usajili wa wajumbe umeshafungwa. Halafu kila mjumbe anatakiwa kuwa na barua ya utambulisho kutoka taasisi inayotambulika, na yeye hana taasisi, ana Alasinga na wenzake. Nguo ni nyepesi, Chicago ni ghali, hela inakatika. Akapiga telegramu Madras.

Akahamia upande wa Boston ambako gharama zilikuwa nafuu. Kwenye safari ya treni alikuwa amekutana na mwandishi Kate Sanborn aliyemkaribisha shambani kwake, na kupitia mtandao huo akafahamiana na John Henry Wright, profesa wa Kigiriki wa Harvard. Walizungumza muda mrefu. Alipomweleza kwamba hana vyeti vya kumwingiza mkutanoni, Wright alimwambia kwamba kukuomba wewe vyeti ni kama kuliuliza jua lina haki gani ya kuwaka. Akamwandikia barua, akampa na nauli.

Kijana wa Mtaa, hapo utaona pande zote mbili. Uwezo alikuwa nao, lakini bila mtu mmoja mwenye jina kumwandikia barua, mlango ulikuwa umefungwa. Vijana wetu wengi wana uwezo. Kinachokosekana ni Wright na Alasinga.

Akarudi Chicago usiku, na anuani aliyopewa imepotea. Akalala ndani ya sanduku kubwa tupu kwenye yadi ya mizigo ya reli. Asubuhi akatembea kwenye mtaa wa matajiri akibisha hodi, watumishi wakimfukuza kwa sura yake na nguo zake zilizochakaa kwa safari. Akachoka, akakaa kando ya barabara. Mama mmoja wa nyumba ya ng'ambo, Bi. Hale, akatoka akamuuliza: bwana, wewe ni mjumbe wa Bunge la Dini? Akamwingiza ndani, akamlisha, akampeleka mwenyewe kwa waandaaji.

Tarehe 11 Septemba 1893, kwenye jengo ambalo leo ni Art Institute of Chicago, kengele iligongwa mara kumi kwa dini kumi. Aliogopa. Yeye mwenyewe alimwandikia Alasinga baadaye kwamba moyo ulikuwa unamwenda mbio na ulimi umemkauka, kwamba wenzake wote wamekuja na hotuba zilizoandikwa na yeye hana kitu. Kila alipoitwa asubuhi aliomba asubiri. Mchana ndipo aliposimama, akaanza na "Dada na kaka wa Marekani", na ukumbi wa maelfu ya watu ukainuka na kupiga makofi kwa dakika kadhaa. Hotuba ni fupi, ukiisoma haikuchukui dakika tano. Alisema anaomba kengele ile ya asubuhi iwe ya mazishi ya ushabiki wote wa dini na mateso yote ya upanga na kalamu.

Watu wanaishia hapo. Mimi nawaomba msome ya tarehe 20 Septemba. Siku hiyo aliwaambia Wakristo waliojaa ukumbini kwamba mnapeleka wamisionari kuokoa roho, mnajenga makanisa India nzima, lakini wakati wa njaa maelfu wamekufa na hamkufanya kitu. Watu wanaomba mkate mnawapa mawe. Kumfundisha falsafa mtu mwenye njaa ni kumtukana. Na palepale akasema alikuja kuomba msaada kwa ajili ya watu wake maskini na ameona jinsi ilivyo ngumu. Hiyo ni sauti ya yule kijana wa 1884, sasa ana jukwaa.

Nahodha Mstaafu

Mleta uzi, heshima yako. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekaa na Wahindi tangu utotoni. Je, huyu bwana aliwahi kufika pwani yetu?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hakufika. Karibu kabisa alipofika ni Aden, bandari ambayo nyie mabaharia mnaijua. Hiyo ni Januari 1897, akirudi kutoka Ulaya na wafuasi wake Waingereza. Wametembea hapo mjini, akamwona kwa mbali muuza tambuu, Mhindi wa kwao, amekaa anavuta buruma. Akawaacha wenzake, akamkimbilia, akamwambia, "Ndugu, nipe na mimi nivute." Huyo ni mtu aliyekuwa ametoka kuzungumza na wasomi wakubwa, Max Müller wa Oxford na William James wa Marekani, na furaha yake ikawa kuvuta buruma na muuza tambuu, tena mbele ya wafuasi wake wa Kizungu.

Kinachotuunganisha naye ni wakati. Tarehe 15 Januari 1897 aliteremka Colombo akapokewa kama shujaa, na miezi iliyofuata akapita kusini mwa India akiwahutubia vijana. Mwaka huohuo meli kutoka Karachi zilikuwa zinashusha Mombasa vibarua wa kujenga reli ya Uganda. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa karibu 32,000, wengi vijana wa Punjab, na karibu 2,500 walifia huku. Alipokuwa anasema kwamba taifa lake linaishi kwenye vibanda vya maskini, sehemu ya maskini hao walikuwa Tsavo.

Mtu wa Bara

Nina hoja tofauti. Siku hii ya vijana siku hizi ni mtaji wa siasa. Chama tawala cha India kinamtumia huyu Swami kama bendera ya Uhindu wa kitaifa. 2024 waziri mkuu Modi kaenda kukaa kwenye mwamba huohuo wa Kanyakumari mwishoni mwa uchaguzi, kamera zote zipo. Wewe hilo hulioni?

Mleta uzi

Naliona, mkuu, na umesema kweli kuhusu mwamba. Ila kumbuka siku yenyewe ilitangazwa chama cha Congress kikiwa madarakani, na iliadhimishwa mara ya kwanza Rajiv Gandhi akiwa waziri mkuu. Kila upande unamvuta kwake kwa sababu maneno yake yanatosha wote. Wazalendo wa Uhindu wanamnukuu anapojivunia dini yake. Watu wa mrengo wa kushoto nao wanayo barua yake ya 1896 aliyosema kwamba yeye ni msoshalisti, na akaeleza sababu: hauoni kuwa mfumo kamili, ila nusu mkate ni bora kuliko kukosa mkate. Mnaona mkate unavyorudi?

Na kwa Waislamu wa humu: Juni 1898 alimwandikia Mwislamu wa Nainital kwamba hakuna dini iliyoukaribia usawa wa watu katika maisha ya kila siku kama Uislamu, na kwamba India anayoiota ina akili ya Vedanta (falsafa ya Kihindu) na mwili wa Uislamu. Mahali pengine alikuwa na maneno makali kwa Waislamu na kwa wamisionari, siwezi kuyaficha. Lakini makali yake mengi zaidi aliwashushia watu wake. Aliwaambia Wahindu wenzake kwamba dini yao imehamia jikoni, Mungu wao yuko ndani ya chungu, na imani yao ni "usiniguse, mimi ni mtakatifu". Alipoona Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, watu wa tabaka la chini hawaruhusiwi kupita njia wanayopita wengine, aliiita nyumba ya wendawazimu. Anayembeba kama bendera aibebe na hiyo.

Kijana wa Mtaa

Na vijana aliwaambia nini hasa? Maana hadi sasa umetusimulia maisha.

Mleta uzi

Aliwaambia mambo ambayo watu wa dini wa wakati ule yaliwashtua. Madras, 1897, aliwaambia vijana kwamba mtakuwa karibu zaidi na mbingu kwa kucheza mpira wa miguu kuliko kwa kuisoma Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Halafu akaeleza: mtaielewa Gita vizuri zaidi misuli yenu ikiwa na nguvu kidogo. Hakuwa anaidharau Gita, aliipenda. Alikuwa anawatazama vijana dhaifu, wenye utapiamlo na woga wa miaka mingi ya kutawaliwa, akaona mwili kwanza.

Aliwaambia pia kwamba anahitaji vijana mia tu, wenye nguvu na ukweli, na dunia itageuka. Lile la "amkeni, simameni, msitulie hadi mfike" amelitoa kwenye Katha Upanishad, maandiko ya kale, akalifanya lake.

Halafu akatenda. Tarehe 1 Mei 1897, Calcutta, akaanzisha Ramakrishna Mission, chama cha watawa wanaohudumia: hospitali, shule, chakula cha njaa. Kwa utawa wa Kihindu wa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni, hata wenzake wa Baranagar wapo waliombishia. Tauni ilipoingia Calcutta 1898 alisema wako tayari kuuza kiwanja kipya cha Belur kama hela ya kuhudumia wagonjwa itakosekana. Mwaka uliofuata tauni ikarudi, na mwanafunzi wake Margaret Noble wa Ireland, anayejulikana kama Dada Nivedita, akaongoza usafi wa vichochoro. Akawa anafagia mwenyewe mpaka vijana wa mtaa wakaona haya wakachukua mifagio.

Na kazi na elimu vilevile. Mwaka 1893 kwenye meli kutoka Yokohama kwenda Vancouver alisafiri pamoja na Jamsetji Tata, mwenye viwanda mkubwa wa India. Mwaka 1898 Tata alimwandikia akikumbusha mazungumzo yao, akimwomba asaidie mpango wa taasisi ya utafiti wa sayansi. Taasisi hiyo ilianzishwa Bangalore 1909, Indian Institute of Science, na wote wawili walikuwa wameshafariki.

Dada wa Ukweli

Nimeelewa zaidi sasa. Kwa hiyo wewe ungependa siku hiyo iadhimishweje? Na sisi tuna Wiki yetu ya Vijana kuelekea 14 Oktoba, na Mwenge unazimwa. Tuchukue nini?

Mleta uzi

Kwa India, ningependa asubuhi ya 12 Januari isomwe ile simulizi ya 1884 kabla ya hotuba ya kiongozi yeyote. Halafu kiongozi ajibu vijana wangapi wa wilaya yake wanatembea na barua mkononi leo. Sera yao ya vijana ya 2014 inamhesabu kijana kuwa ni wa miaka 15 hadi 29. Vivekananda alisimama Chicago akiwa na miaka 30, amevuka mstari tayari. Sisi na Umoja wa Afrika tunakwenda hadi 35, kwa hiyo kwetu angekuwa bado anastahili mkopo wa vijana wa halmashauri.

Kwa Wiki yetu, ningependa mabanda machache na muda mwingi wa kuwasikiliza wasio na kitu cha kuonyesha bandani. Kijana aliyefanikiwa anapata kipaza sauti kila mwaka. Yule wa bahasha ya kaki anakaa nyuma na fulana ya bure. Mpe yeye dakika kumi mbele ya mkuu wa mkoa, aseme alikopita na alichojibiwa.

Nahodha Mstaafu

Marahaba kijana, umesema. Swali langu la mwisho. Yule mwalimu aliyechangisha nauli, Alasinga, yeye aliishia wapi?

Mleta uzi

Mzee wangu, asante kwa kumuulizia, wengi hawamuulizii.

Aliendelea kufundisha shule pale Madras akiwa na familia ya kulisha. Mwaka 1895 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Brahmavadin, na Vivekananda akawa anawatumia fedha kutoka Marekani ili lisife. Barua nyingi kali na za upendo alizoandika Swami ni kwake.

Juni 1899 Vivekananda alisafiri tena kwenda Magharibi kwa meli ya Golconda iliyotoka Calcutta. Ilipofika Madras, abiria wakazuiwa kushuka kwa sababu ya karantini ya tauni. Watu walifurika kwa mashua wakimwona kwa mbali tu, yeye yuko juu ya sitaha. Alasinga alikuwa na mambo mengi ya kumuuliza kuhusu jarida na kazi yao. Alichofanya ni kukata tiketi ya kwenda Colombo, akapanda meli, kichwa kimenyolewa, miguu mitupu, amevaa shuka lake, katikati ya abiria wa daraja la kwanza. Vivekananda ameandika kwamba njia nzima alikuwa anatembea sitahani akitafuna wali mkavu na dengu, na kwamba watu wa aina yake duniani ni wachache mno. Walizungumza hadi Colombo, akashuka, akarudi kwenye shule yake. Alifariki 1909.